Maili Kumi na Mbili Kila Juni

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba hii ni kwamba mama yenu alikuwa amekaa barazani na bakuli la maharage mabichi mapajani, akiyakata ncha, akaniambia bila kuinua macho nisisahau kuliwasha gari la Roy. Ilikuwa Jumanne ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi. Nilikwenda ghalani, nikaliwasha, nikaliacha lingurume dakika ishirini, kama alivyotaka kila mwezi kwa miaka hamsini na nne, kisha nikalizima na kufunga mlango. Niliporudi bakuli lilikuwa bado mapajani, yaliyokatwa upande mmoja na yasiyokatwa upande wa pili, na Arlene hakuwa hai tena.

Sikilizeni, wanangu. Noreen, sogea, Curtis, hamia upande wa dada yako, maana tangu Krismasi hamsemezani, na mimi sitaki kulala katikati yenu kama barabara kati ya maduka mawili. Sauti yangu haifiki mbali, na daktari amenihesabia wiki, si miezi.

Nianze na mali, kwa kuwa ni jambo jepesi. Nyumba hii na ekari zake nne ni za Noreen, aliyeacha kazi Toledo akaja kumuuguza mama yake mwaka ule alipovunjika nyonga. Shamba la mahindi ng'ambo ya kijito ni la Curtis, pamoja na Camaro nyekundu, ya mwisho niliyoiuza nikajiuzia mwenyewe. Karatasi ziko kwa wakili. Sidaiwi na benki wala na mtu, isipokuwa deni moja ambalo halikuwa la fedha, na hilo ndilo nililowaitia.

Mchana huu mmekuta ghala wazi na ndani hamna kitu, mkadhani Mustang ya kijani imeibwa. Haikuibwa. Curtis, najua uliipiga picha mwezi uliopita ukaulizia bei yake, na najua bei uliyotajiwa ingelipa nusu ya nyumba yako. Sikukulaumu, kwa sababu sikuwahi kuwaambia gari lile lilifikaje kwetu. Leo nawaambia, na mkishasikia mtanihukumu mtakavyo.

Duka la magari la babu yenu lilitazamana na la akina Overholt, upana wa barabara ukiwa ndio mpaka. Sisi tuliuza Camaro, wao Mustang. Dwight Overholt na mimi tulirithi maduka hayo tungali vijana, yeye akitoka jeshini, mimi nikitoka kusoma hesabu chuo kikuu cha Columbus, na fahali wawili wakawekwa zizi moja. Kinyozi wa mjini alitundika ubao wenye safu mbili za chaki, na kila Jumamosi wanaume walikwenda kunyoa hata nywele ambazo hazijaota ili waone nani anaongoza. Sheria za kinyozi zilikuwa tatu. Gari likiuzwa, unaongezewa moja. Gari la mpinzani likibadilishwa au likiuzwa kwako, unaongezewa moja pia. Gari ulilouza likirudi dukani kwako, unafutiwa moja.

Na tulikuwa na desturi nyingine, ambayo hakuna aliyetufundisha. Mustang ikiingia kwangu, niliiweka safu ya mbele, pua ikitazama dirisha la Dwight, kama mateka wa vita, na juu ya kioo cha mbele nikaandika kwa kipande cha sabuni neno la kumcheka. Naye alinifanyia hivyo hivyo. Aliwahi kuandika juu ya Camaro ya mwalimu wa shule: "Sasa nafika shule kwa wakati." Mji mzima ulicheka, na mimi nilicheka pia, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani. Siku hizo ulikuwa mchezo.

Aprili ya mwaka 1970 ubao ulisoma kumi na saba kwa kumi na saba, na juma la mwisho la mwezi alikuja dukani kwangu mwanamke aliyevaa koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwa Opal Stauffer, dada yake Dwight, mjane mwenye mtoto mmoja, na mtoto huyo, Roy, alikuwa ameuawa Vietnam mwezi Februari. Roy alikuwa ameinunua Mustang ile ya kijani kwa mjomba wake, kwa mshahara wa kinu cha unga, akaiendesha kiangazi kimoja. Opal alikuja kuniuzia, hakutaka bei kubwa wala hakutaka gari jingine. Alisema hawezi kufungua pazia asubuhi akaliona uani. Kisha akaniomba jambo moja: "Liweke nyuma, Leland, mahali ambapo Dwight hataliona." Nikamwahidi. Nikamshika na mkono.

Kesho yake niliisogeza mbele, pua ikitazama dirisha la Dwight, nikaandika kwa sabuni: "Hata jamaa wanahama." Kinyozi akaniongezea moja.

Nimejaribu miaka mingi kutafuta neno litakalolipunguza jambo hilo, na sikulipata. Sikusahau, sikukosea gari, wala hakuna muuzaji wangu aliyefanya bila mimi kujua. Nilijua ni la nani, niliahidi, na nilitaka kumi na nane.

Lilikaa pale siku tatu. Siku ya tatu Dwight alivuka barabara bila kofia, akatoa leso, akakifuta kioo polepole mpaka kikawa safi, akarudi kwake. Hakunitazama. Opal naye alikuwa amepita asubuhi hiyo kwa basi la kwenda kazini, akaliona, na mama yenu alikuwa ndani ya basi hilo hilo, kiti cha nyuma yake. Arlene alishuka kabla ya kituo chake, akaja moja kwa moja ofisini kwangu, akasimama mlangoni na mkoba wake wa ualimu.

"Utalinunua wewe," alisema, "na hutaliuza kamwe. Siku utakapojua la kulifanyia, utalifanya."

Basi nililinunua kwa bei kamili iliyobandikwa dirishani. Siku niliyoliingiza ghalani mita yake ilisoma maili elfu sita mia moja na thelathini, na nikaiandika mlangoni kwa penseli, kwa kuwa mimi huandika namba. Tangu siku hiyo Dwight na mimi hatukusalimiana. Tulizikia watu wetu makaburi yale yale, tukapanga foleni benki moja, tukafunga maduka yetu kwa kupishana mwaka mmoja. Langu sasa linauza dawa na lake matairi. Nilijua ananichukia, na niliona ana haki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Baada ya kumzika mama yenu nilikwenda ghalani kuandika orodha ya vitu kwa ajili ya wakili. Mita ilisoma elfu sita mia nne na kumi na nane. Nikapiga hesabu mara mbili juu ya mlango ule ule: maili mia mbili themanini na nane ambazo sikuziendesha. Gari linalonguruma limesimama haliongezi maili. Nilikaa na namba hiyo wiki nane, nikiiogopa kama mtu anayeogopa barua ya hospitali, kwani mwenye funguo za pili alikuwa mmoja tu, na alikuwa kaburini.

Jana nilimwomba mchungaji anipeleke kwa Dwight. Anaishi katika nyumba ya Opal tangu dada yake alipofariki, baridi ya mwanzo wa mwaka 1994, njia ya kinu cha zamani. Ana miaka themanini na minane na anatembea kwa kushika fremu ya chuma. Alinifungulia mlango, akasema, "Ingia, Burkhart, unatoa joto nje." Mchungaji alibaki garini. Nilimwambia Dwight yote kabla sijaketi, kwa mpangilio: kwamba Opal aliniomba, kwamba niliahidi, kwamba nilijua. Nikamwambia sikuja kuomba nisamehewe. Nimekuja ili alijue kutoka kinywani mwangu mimi mwenyewe kabla sijafa.

Alinionyesha kiti. Kisha akauliza kama nafahamu Opal alipita kwa nani kabla ya kuja kwangu. Sikufahamu.

"Alikuja kwangu mara tatu," Dwight alisema. "Mara tatu, Leland. Akilia. Nikamwambia sirudishi magari. Tulikuwa kumi na saba kwa kumi na saba, na likirudi kwangu nafutiwa moja." Akaitazama mikono yake juu ya fremu. "Nilivuka barabara kufuta kioo kile kwa sababu kila neno lililokuwa juu yake lilikuwa kweli. Nilidhani Opal amekwambia. Nilidhani kila unaponiona unajua."

Wanangu, miaka hamsini na nne. Mimi nikikwepa macho yake kwa aibu, yeye akikwepa yangu kwa aibu, na mji mzima, sisi wenyewe tukiwamo, ukiita jambo hilo chuki. Sikujua kama nicheke au nilie, na kifua changu hakikuniachia nafasi ya yote mawili.

Nikamuuliza kama Opal aliliona tena gari la mwanawe, na hapo ndipo alipotabasamu. Akasema mimi ni msomi nisiyejua ya nyumbani kwangu. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa Roy, tarehe kumi na tisa Juni, Arlene alilifikisha uani pale saa nne asubuhi, likiwa na vibao vya namba vya duka langu, mimi nikiwa kazini. Opal aliketi kiti cha dereva, Arlene pembeni yake, na kahawa yao juu ya dashibodi mpaka inapoa. Mwaka wa tatu au wa nne Opal alianza kucheka ndani ya gari hilo. Yeye ndiye aliyemwomba Arlene asiniambie, akisema sisi wawili tutafute njia yetu wenyewe, hata kama tutachelewa. Dwight aliyajua haya wiki aliyokufa dada yake tu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kutoka hapa hadi pale ni maili sita. Kwenda na kurudi, kumi na mbili. Mara ishirini na nne, kila Juni. Hesabu ilitimia pale pale mezani kwake, na tangu Agosti ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuta pumzi ikafika chini. Mama yule alikuwa ameketi ndani ya gari la mwanawe. Hakuliona kwa mara ya mwisho likiwa na sabuni yangu.

Nipe maji, Noreen. Kidogo tu.

Haya ndiyo ninayowaagiza. Msigombee kitu chochote ambacho kitaandikwa ubaoni. Ukiona ndugu yako hakutazami, usijiambie unajua kwa nini. Kamuulize, tena kabla bakuli la maharage halijabaki nusu. Nizikeni kando ya Arlene, upande wa kushoto, ndipo nilipolala siku zote. Na jiwe liwe moja.

Leo asubuhi niliamka saa kumi na mbili. Nilikiosha kioo cha mbele kwa maji matupu, nikaendesha mwenyewe. Polepole. Dwight alikuwa barazani na viatu vya nyumbani. Akasema nimechelewa kumletea gari lake. Nikamwambia kawia ufike. Akasema, "Camaro wameacha kuitengeneza, bwana. Kwa hiyo nimeshinda." Nikamwambia ndiyo, Dwight. Umeshinda. Akaketi kiti cha dereva, mimi pembeni. Tulikuwa na kahawa.

Mjukuu wake amenirudisha kwa Mustang mpya. Dwight alimwambia anifunge mkanda vizuri, sijazoea gari lenye nguvu.

Mungu awape amani kabla hamjaitafuta, wanangu. Awape... Curtis, mshike mkono dada yako. Hivyo.

Nimeandika namba mlangoni mwa ghala kabla ya kuondoka, kwa penseli, chini ya ile ya kwanza. Mtaiona. Safari hii sikuandika kumi na mbili. Niliandika sita.