Nguo ya Makumbusho Iendelee Kwenda Harusini

Mgeni rasmi, Bi. Enyonam Agbeko, Mkurugenzi wa Makumbusho wa Mkoa. Chifu wetu Togbui Adzah. Wazazi na ndugu wafumaji:

KARIBU
Sisi wafumaji wa mji wa Kpodzi tunakupokea kwa furaha. Tunajua umekuja na fomu. Ukiisaini, makumbusho yetu yataingia kwenye orodha ya serikali na paa litapata mabati mapya. Tunajua pia sharti la nne: kilichohifadhiwa kisitoke kabatini. Hapo ndipo penye maneno.

HISTORIA
Posta ilipohama, Mama Akpene Dotse aliomba ufunguo wa jengo alifanye makumbusho haya, akaleta kete ya babu yake, yaani nguo ya vipande ishirini na vinne iliyofumwa kwa misimu miwili ya mvua. Mwaka wa kwanza tuliifungia sandukuni, kama mtaalamu mmoja alivyotushauri. Nondo wakala pindo.

"Nyie wanaume," Mama Akpene alituuliza, "mnamfumia nani? Nondo?"

Tangu hapo kila anayefunga ndoa mjini huiazima, kwa sharti moja: akiirudisha atusimulie siku ilivyokwenda, nasi tuandike daftarini.

MAFANIKIO
Imekwenda harusi sitini na moja na kurudi kila mara. Vijana wanane wameukariri mtindo wake kwa kuuona juani, mabegani mwa watu, na pindo wamelifuma upya wenyewe.

CHANGAMOTO
Hatukufichi, ina doa la mchuzi wa mawese. Ni la Mawuli, mlinzi wetu, siku alipooa.

"Wee Mawuli, ulioa au ulioga mchuzi?" Mama Akpene alimuuliza mbele ya wakwe.

"Yote mawili, Mama."

Nalo limeandikwa.

Changamoto ya pili ni ya leo. Nguo uliyosafiri kuja kuiona haipo ukutani. Dzifa, mjukuu wa Mama Akpene, anaolewa asubuhi hii. Tuliulizana nani anataka tumnyime ili tukupendeze wewe. Hakuna mkono ulioinuka.

OMBI
Ni moja tu: futa sharti la nne, kisha usaini. Ikishindikana, tuachie paa linalovuja. Ndoo tunazo.

Nguo tusizifungie, kabatini zikaoza,
Zivaliwe zitembee, wajukuu kuwafunza.

Mgeni rasmi, harusi iko nyumba ya tatu kutoka hapa, na kiti chako kimewekwa kando ya bibi harusi. Njoo na fomu yako, uikague nguo ikicheza.

Mungu akuzidishie afya, na mikono yako isipungukiwe kazi njema.

Ni sisi,
Wafumaji wa Kpodzi