Kache Tsofa, Mwalimu Asiyekuwa na Barua ya Kazi

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, majirani wa Tudor, na ndugu zetu wa Mji wa Kale mliokuja kwa miguu na jua hili kutupa mkono wa pole, anayesimama mbele yenu ni Dancan Tsofa, baba mdogo wa marehemu, aliyetumwa na familia kuwasomea maisha ya Kache Benard Tsofa, maisha mafupi ambayo mwenyewe aliyaendea mbio tangu mwanzo.

Kache alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, hapa Mombasa, binti na mtoto wa pekee wa Mzee Benard Tsofa, karani mstaafu wa reli, na Mama Mbeyu, na alikuja wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa, jambo ambalo mamake husema lilikuwa onyo la mapema. Alipofika miaka minne madaktari waligundua ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, unaoleta maumivu makali ya mifupa, wakaagiza asikimbie, asinyeshewe, asichoke, na mtoto aliyasikia yote hayo kwa masikio yake na hakufuata hata moja.

Alisoma shule ya msingi Tudor kuanzia 1979 hadi 1986, na sekondari papa hapa kisiwani kuanzia 1987 hadi 1990, akapata alama ya A katika hesabu, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja kuitwa chuo kikuu, na katika miaka hiyo miwili, wallahi, nyumba ile haikukalika. Alijiunga na chuo Nairobi mwaka 1992, kikafungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, hata akahitimu Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1996, kwa Shahada ya Sayansi katika Hisabati, daraja la pili la juu. Wenzake walitusimulia kwamba hakuweza kufanya hesabu ameketi, alizunguka na karatasi mkononi, na siku moja alimvaa mpishi wa chuo, maharagwe ya watu yakaishia sakafuni.

Kuhusu kazi, mnayosikia sasa yameandikwa kwa mkono wa Mama Mbeyu, kwa sababu Mzee Benard alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa akisubiri barua ya kazi, na mkewe akamnyang'anya kalamu. Kuanzia Januari 1997 Kache alisomesha hesabu Mji wa Kale, katika sebule ya juu ya Bi Mejumaa, mshonaji wa mabuibui, na wanafunzi wake walikuwa wasichana tisa walioachishwa shule kwa sababu mbalimbali, wakitaka kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kibinafsi. Bi Mejumaa hakutaka kodi, sharti lake lilikuwa moja tu, mwalimu asomeshe ameketi, maana kila akizunguka vumbi la chokaa lilidondoka kutoka kwenye boriti na kuwaangukia wateja wa chini wakiwa wanapimwa nguo, na sharti hilo, Bi Mejumaa mwenyewe yupo hapa, halikutimizwa hata siku moja.

Mzee Benard alitumikia reli miaka thelathini na mmoja, na kwake yeye kazi ni ile yenye barua, muhuri na nambari, kwa hiyo kila Jumatatu aliandika maombi kwa niaba ya bintiye, akitia sahihi K. B. Tsofa bila kumuuliza, hadi benki moja ikamwita mahojiano Nairobi, Jumanne, tarehe 3 Novemba 1998. Siku hiyo hiyo wale wasichana walikuwa na karatasi ya pili ya hesabu, na wazee wawili walikuwa wameruhusu binti zao kwa ahadi kwamba mwalimu mwenyewe atawapeleka na kuwarudisha mlangoni. Mzee alimpandisha treni ya Jumatatu jioni, akarudi nyumbani anachekacheka peke yake, naye Kache akateremka Mazeras, kituo cha hapa karibu tu, akalala kwa shangazi yake, aliyeapa kutosema na kesho yake akasema, na asubuhi alikuwa mbele ya lango la mtihani na wasichana wote tisa.

Tangu siku ile Mzee Benard hakusema na mwanawe, bali alipitishia maneno kwa Mama Mbeyu hata wakiwa watatu meza moja, mwambie mwanao apitishe chumvi, muulize mwanao atarudi lini.

Marehemu hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, na waliotaka kujua kwa nini walijibiwa naye akiwa tayari anashuka ngazi.

Alilazwa hospitali kwa ugonjwa wake ule ule Jumatatu, tarehe 11 Januari 1999, na babake hakukosa hata siku moja, alimpangusa uso, alimkanda miguu, yote kimya. Jumapili, tarehe 14 Februari, Kache alisema, "Mama, mwambie baba nilikuwa na kazi," na Mzee, aliyeketi kwenye kitanda hicho hicho, akamjibu mkewe kwamba amwambie apumzike, asijichoshe. Alifariki Alhamisi, tarehe 18, saa nne asubuhi, na tunaumia, jamani, hatuwezi kuficha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wastaafu wa reli, Bi Mejumaa, na wasichana tisa walioketi hapo mbele, ambao matokeo yao bado hayajatoka.

Jana Mzee Benard alimwomba msomaji wa historia hii kwamba, akifika mwisho, amwambie Kache kuwa babake amekubali, ile ilikuwa kazi. Msomaji, ambaye ni mdogo wake na hajawahi kumkatalia neno, amekataa. Karatasi inaishia hapa, kaka. Jeneza liko wazi, inuka umwambie mwenyewe, na neno la kumtakia mapumziko ya amani tumekuachia wewe.