Ndege wa Mwalimu Gelasius

Marehemu Mwalimu Gelasius Bartolomeo alizaliwa kijiji cha Mamba tarehe 9 Machi 1929, mtoto wa kwanza wa Mzee Bartolomeo na Mama Katarina. Utotoni alishinda shambani akiamia ndege wasile mpunga, na sauti yake ilijulikana kijiji kizima.

Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1951 na kufundisha Kasokola kwa miaka mingi. Alipenda mno ushairi. Mwanafunzi aliyeridhika na maana ya juujuu alirudishwa kwenye dawati: "Chimba tena! Mtunzi amekuficha nini?"

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Theopista, aliyezoea kumtania: "Baba Josefina, mengine hayana kitu chini." Marehemu alicheka, akaendelea kuchimba.

Mwaka 1975 ndege walimaliza mpunga wa Mamba. Marehemu, akiwa likizo nyumbani, alitunga shairi la kuwalaani, na watoto wakaliimba mashambani. Ponsian, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa karani mjini Mpanda, alilighani kwenye mkutano wa hadhara mbele ya viongozi ili amsifu mwalimu wake. Kisha akalichambua vilevile alivyofundishwa: ndege ni viongozi, mpunga ni jasho la mkulima. Mwalimu akaitwa ajieleze. Alisema ndege ni ndege. Hakuna aliyemwamini, akaachishwa kazi. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho, na familia haioni sababu ya kulificha.

Alirudi Mamba kulima. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1978 alianza kuugua ini. Ponsian alikuja kumwona, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu, nisamehe. Ila wale ndege, walikuwa kina nani?"

"Ndege, baba. Hawa hawa wanaokula mpunga."

Ponsian alilia sana. Alipofika mlangoni akamnong'oneza Mama Theopista, "Mama, hata leo anaogopa kusema." Mama alimsindikiza. Aliporudi ndani alimkuta mumewe amegeukia ukutani.

Mwalimu alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1978. Ameacha mjane, watoto Josefina, Krispini na Juliana, pamoja na wajukuu.

Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Fungeni mlango, kuku wanaingia." Tangu msiba uanze, wanafunzi wake wanayachambua: eti mlango ni mbingu, eti kuku ni sisi. Mama Theopista ametuma ujumbe huu usomwe kaburini: "Nyie wanangu, mlango ulikuwa wazi na kuku walikuwa wanaingia. Mwaminini mara hii moja, apumzike."