Pua Mpya ya Gari la Harusi

Bibi mshonaji alikaa dirishani ndani ya basi, nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Mmoja, dereva wa teksi, alikuwa amepakata bomba jipya lenye chujio jekundu la hewa, mfano wa nanasi.

"Hili linavuta hewa ya baridi, mbali na joto la injini," alieleza. "Fundi akishalifunga na kuirekebisha injini, gari litapanda mlima likiimba."

Mwenzake, dereva mstaafu wa lori, akacheka. "Mwanangu, gari limezaliwa na pua yake, ya pili ya nini? Litaongeza kelele tu, nguvu ni zile zile."

"Mzee wangu, Jumamosi nampeleka binti yangu kwenye harusi yake. Siku ya posa niliwafuata wakwe kituoni, na mlimani wakashuka kusukuma, na suti zao!"

"Basi walimjua baba mkwe mapema."

Bibi akauma upindo wa mtandio wake asicheke. Na huyu anayelisifu gari lake, mbona yumo ndani ya basi?

Mara mlima wa hospitali ukaanza. Basi likakohoa, likatweta, likasimama kabisa. Dereva wa teksi akainua chujio lake juu. "Dereva, nikuazime pua?"

Basi zima likaangua kicheko, mstaafu akiwa wa kwanza.

"Usimpe, Jumamosi utaihitaji," alisema akijifuta machozi, huku akielekea mlangoni. "Haya, shuka tusukume, baba mkwe."