Kwa Nini Mashine Inalala Alfajiri

Benchi letu limeegemea ukuta wa jiko langu, kati ya mashine inayouza vinywaji kwa sarafu na bomba la nje, mkabala na kituo cha treni. Mimi huwauzia wasafiri chakula cha mchana kwenye visanduku, na mashine ile inakula umeme wa kwangu. Tangu theluji iyeyuke inaangusha breka, ile swichi kuu ya umeme, karibu kila alfajiri. Breka ikianguka, sufuria yangu ya umeme nayo inazimika, wali ukiwa nusu mbichi. Fundi wa kampuni amekuja mara mbili, zote alasiri. Akapima, akakuta kila kitu kizima, akainama kuaga, akaondoka. Nina watoto wawili na mgongo mmoja, kwa hiyo nilipiga simu: kesho gari lije kuichukua. Wazee wa benchi wamesikia. Leo ukungu wa mtoni umeshuka mpaka kwenye reli, breka imeanguka tena, nao wameketi kando ya mashine iliyozimika kama watu waliowahi msibani kabla ya mwenye msiba.

— Mama Wali, umepandisha breka? aliuliza Volti. Huyu ni mstaafu wa reli. Kazi yake ilikuwa kubadilisha balbu za kituo, na tangu hapo umeme wote wa dunia anauona wake.

— Nimepandisha. Imeanguka kabla sijatoa mkono.

— Basi ni shibe. Haba na haba hujaza kibaba. Umeme ukijaa, unamwagika.

— Ungemwagika ningedeki.

— Sikiliza. Mashine hii upande mmoja ina makopo ya baridi, upande mmoja ya moto, tumbo moja. Wewe ukila barafu na supu kwa pamoja, utasimama?

— Mimi kila siku nakula nimesimama.

Bibi Onodera, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alishusha skafu mdomoni.

— Mnaionea bure. Ni treni ya kwanza hiyo. Ikipita inanyonya umeme wa mtaa mzima, kama mtoto aliyeamka na njaa.

— Treni ya kwanza inatumia dizeli, Redio, akasema Volti.

— Ndiyo maana ina uchu wa umeme. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwako.

Wa tatu ni Bwana Minowa, Kengele. Alipiga kengele ya hekalu mpaka masikio yakamchoka, na sasa huongea kana kwamba sisi tuko ng'ambo ya bonde.

— MBWEHA!

— Polepole, Kengele, wanangu wamelala.

— Mbweha wa kile kihekalu chekundu. Anakuja alfajiri, kajigeuza msichana, anatumbukiza jani la mti badala ya sarafu. Mashine inajua kabisa kwamba ni jani. Lakini inaona haya kumwambia mteja hapana. Inazimia.

— Inazimia kwa adabu?

— Mashine ya hapa kwetu hii, siyo ya Tokyo!

Redio alikuwa na kopo moja la kahawa, alilolinunua kabla taa hazijazimika. Akaligawa kwenye vikombe vyangu vitatu vya chai, tone kwa tone, kama dawa.

— Mimi niliisikia, akasema, na sauti yake ikashuka. Juzi, kwenye ukungu kama huu. Hapakuwa na mtu mbele yake. Ikasema yenyewe, kwa ile sauti yake ya kuaga wateja, "Asante sana, uende salama." Halafu taa zikapepesa mara moja, kama jicho la mtu anayesinzia. Basi, giza.

— Ilikuwa inamuaga nani?

Wote watatu wakatazama jiwe. Liko mwisho wa benchi, karibu na mguu wa mashine, na lilikuwa kiti cha mzee Kuwabara, ambaye hapa hatukumwita hivyo. Tulimwita Kopo Moja. Alikuwa akinunua kopo moja la kahawa tamu ya maziwa, analishika kwa mikono miwili mpaka lipoe, ndipo anywe. Alikufa katikati ya baridi. Binti yake alikuja, akayachukua majivu, akaenda kumzika kwao Osaka. Hapa kwetu hana kaburi.

— Mimi nadhani inaota, akasema Volti taratibu. Kitu gani kinaweza kukesha kikiwaka miaka yote hiyo bila kufumba jicho? Ikifika alfajiri inasinzia. Inaota iko chini ya mto. Maji yanapita juu ya vitufe, pole, pole, na makopo yanaelea tumboni kama samaki waliolala.

Ukungu ulikuwa umelimeza paa la kituo, ikabaki saa yake tu, inaning'inia hewani.

— Hayo maji umeyatoa wapi? nikauliza.

— Ni ndoto, Mama Wali. Ndoto haina bomba.

— Bomba ninalo mimi. Na nani anatumia kata yangu ya kuchotea maji? Kila asubuhi naikuta imelowa.

— Ukungu, akasema Volti.

— Umande, akasema Redio.

— MBWEHA!

Wote kwa pamoja.

— Mama Wali, akasema Redio, ungewaambia wa gari wangoje kidogo. Mpaka maua ya micheri yachanue.

— Maua ya micheri hayaivishi wali, bibi. Wasafiri wangu wananirudishia visanduku. Benchi nawaachia.

Kengele akakigeuza kikombe chake juu chini. Hakikutoa hata tone. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaongea kwa sauti ndogo.

— Benchi bila kahawa ni ubao wa kungojea kufa.

Treni ikaingia. Ilikuwa wiki ya kuzuru makaburi na kuyamwagia maji, na abiria kadhaa walishuka na maua. Mwanamke mmoja wa makamo, koti jeusi, alivuka barabara, akasimama mbele yetu, akainama.

— Samahanini wazee wangu. Hapa ndipo alipokuwa akikaa Bwana Kuwabara? Mimi ni binti yake, Natsue.

Tukasimama wote, tukainama.

— Kwenye simu alikuwa akiniambia, "Niko benchini na wenzangu." Jana nimeliosha kaburi lake, nikaona pale yuko peke yake. Nikasema nije nipaone.

— Kiti chake ni hicho, nikamwonyesha.

Akachutama, akaliwekea jiwe kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Alipoinua mkono, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kifundo. Akatazama barabara: kavu. Akatazama benchi: kavu.

— Mvua haijanyesha, akasema. Nani anammwagia baba maji?

Volti akatazama viatu vyake. Redio akaipandisha skafu mpaka puani. Kengele akaweka mkono sikioni, kama hakusikia, na alikuwa amesikia. Kisha wakatazamana, mmoja mmoja, kwa mshangao, kama watu waliokutana gizani kwenye mlango mmoja. Kila mmoja alidhani anayelimwagia jiwe maji alfajiri ni yeye peke yake.

Mimi niliufuata mchirizi kwa macho. Ulitoka kwenye jiwe, ukazunguka mguu wa mashine, ukaenda ukutani, kwenye soketi iliyo chini kabisa. Fundi alikuwa anakuja alasiri, jua limeshakausha kila kitu.

Nikaingia ndani. Nadhani walifikiri nimekasirika. Nilirudi na kitambaa kikavu.

— Volti, Kengele, shikeni huku. Redio, ondoa vikombe. Jiwe linahamia upande wa pili, kule kwenye bomba.

Hawakuuliza kwa nini. Waliliinua jiwe kwa kuhema, Natsue akisaidia, wakaliweka chini polepole. Nikaikausha plagi, na soketi, na ukuta. Nikapandisha breka. Ikakaa. Nje taa zikawaka ndani ya ukungu, na mashine ikasema, "Karibu."

Nikampa Natsue kata, nami nikarudi jikoni kubandika wali mwingine. Kisha nikapiga simu, kesho gari lisije. Yule wa kampuni akauliza tatizo lilikuwa nini hasa.

Nikamwambia mbweha.