Mama Chali na Mto wa Ndege Weupe

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, juu ya kabati, dirishani, au imefungwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani, tukae pamoja kidogo.

Leo tunamkumbuka fundi wa magodoro. Jina lake la kuzaliwa wengi hamkulijua, na mwenyewe alishaacha kuliitikia. Aliitwa Mama Chali. Amefariki Jumanne, baada ya chakula cha mchana, ndani ya chumba chake cha kazi. Amefariki amelala chali. Binti yake anasema hata hilo alilifanya makusudi, tusipate la kumsema.

Chumba hicho kipo ubavuni mwa mashine ya kusaga. Ukuta mmoja hutetemeka tangu asubuhi mpaka jioni. Ndani mna magunia ya sufi, vitambaa vya mistari, fimbo ya kuchambulia sufi, na sindano ndefu ya kushonea magodoro, ile ambayo ukiiona unakumbuka makosa yako yote. Sufi ilimjaa kwenye nywele na kwenye nyusi. Mteja mmoja alimtania kwamba amezeeka kabla ya wakati.

"Mimi nikijikung'uta narudi msichana," Mama Chali akamjibu. "Wewe ukijikung'uta utabaki na nini?"

Alikuwa na kawaida yake. Kila mtoto aliyezaliwa mtaani alishonewa mto. Ilikuwa zawadi. Mto mdogo wa sufi, laini kama maneno ya shemeji anayetaka kuazima kitu kwako. Kabla ya kuupeleka, alikata kipande cha kitambaa kilekile, upana wa vidole viwili, akakibana ukutani kwa pini, karibu na mlango. Watoto thelathini na mmoja. Vipande thelathini na kimoja.

Cha mwisho kilikuwa cha njano, chenye ndege weupe. Mto huo ulikuwa wa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake wa pekee.

Mjukuu huyo Mama Chali alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote. Asubuhi alipita mlangoni kwa binti yake kabla ya kufungua kazi.

"Mume wangu kaamkaje? Kaniulizia?"

"Kakuulizia, mama. Anasema siku hizi humtunzi."

"Mwambie na yeye aache kunikojolea."

Mume huyo hakupenda kulala chali. Ukimlaza chali alitupa mikono kama mtu anayedondoka darini, kisha akalia mpaka jirani akagonga ukuta. Ukimlaza kifudifudi, shavu juu ya mto, makalio juu, alilala saa mbili nzima. Na aliyetoa ushauri ni bibi mwenyewe.

"Mlaze kifudifudi, hewa ya tumboni itamtoka," alimwambia binti yake. "Wewe nilikulaza hivyohivyo, na tazama ulivyo na mdomo."

Wakacheka. Wasikilizaji wapendwa, tukumbuke kwamba walicheka. Hawakuwa watu wazembe. Walifanya walichokijua.

Linalofuata tunalisema polepole.

Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Binti alikuwa uani anaanika nguo. Zilikuwa nguo kumi na mbili. Anazikumbuka kwa sababu alizimaliza zote, na mpaka leo anajiuliza kwa nini hakuziacha mbili kwenye beseni. Alipoingia ndani, mtoto alikuwa kifudifudi, uso umezama kwenye mto. Hakuamka.

Hakuamka. Alikuwa na miezi mitatu.

Kliniki, nesi aliwakalisha mama na binti kwenye benchi moja akawaambia mambo matatu. La kwanza, mtoto mchanga alazwe chali, usiku na mchana, kila usingizi. La pili, alale juu ya godoro gumu lisilobonyea, peke yake, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. La tatu alilisema kwa sauti ya chini, na kulikuwa na watoto wanalia chumba cha pili. Shikeni hapo. Tutalirudia.

Mama Chali hakulia. Hakulia siku ile, wala siku ya mazishi. Majirani walimtazama, wakatazamana. Siku ya nane alifungua kazi, akakaa kwenye kigoda chake, akaendelea na godoro aliloliacha nusu. Binti yake alikuwa naye.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

Sindano ilikuwa imempita kidoleni, na kitambaa cha mteja kilishaanza kuwa chekundu. Mama Chali alikitazama kile kidole kama cha mtu mwingine aliyekisahau pale. Akakifuta kwenye gauni. Akashona.

Jioni ile aliutazama ule ukuta wa vipande. Kesho yake akafunga mlango akaenda kudai mito yake.

Alianza kwa mke wa fundi baiskeli, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne.

"Nimefuata mto wangu."

"Mama, zawadi hairudishwi."

"Hii inarudishwa."

"Mtoto kauzoea."

"Alizoea na tumboni mwako, mbona alitoka?"

Mto ukatolewa. Mama Chali naye hakuwaacha watu mikono mitupu ikabaki lawama. Kwa kila mto aliouchukua kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, alirudi na kigodoro alichokishona mwenyewe, kimeshindiliwa mpaka kimekuwa kama mlango. Alikipima kwa mkasi wake wa kazi, ule mzito wa chuma. Aliuweka juu yake. Mkasi ukizama, aliondoka nacho akakishindilie upya.

"Mama, hili ni godoro au ni meza?" aliuliza mke wa fundi baiskeli.

"Vyote. Akianza shule ataandikia."

Hata nyumba ambazo watoto walishakua wanakimbia alikwenda. Alisema mto wa mtoto hurithiwa na mdogo wake, na mdogo wake hajui kujitetea. Kila mto aliourudisha aliufumua, na kila alipofumua mmoja alichomoa pini moja ukutani. Ile sufi aliichanganya kwenye magodoro ya watu wazima. Kwa hiyo baadhi yenu mnaotusikiliza mmejinyoosha hapo mmelalia mito ya watoto wenu, na hamkuambiwa. Tulieni. Si mmelala vizuri miaka yote hii?

Jina likaja taratibu. Alipoingia kumpongeza mzazi, hakuuliza mtoto kafanana na nani. Aliuliza, "Analala vipi?" Na usipojibu "chali" hukumtoa mlangoni. Watoto wa mtaa wakimwona kwa mbali wakawa wanapiga kelele, "Chali!" Yeye aliinua mkono kama rais.

Dereva wa lori, jirani yake, alimsumbua kuliko wote. Alikuwa na binti mchanga anayelala kifudifudi tu.

"Mama Chali, huyu akilala chali akicheua si atapaliwa?"

"Mimi ni fundi wa magodoro. Twende kwa mwenye kazi yake."

Akamburuta mpaka kliniki. Nesi akamweleza kwamba mtoto mwenye afya akicheua akiwa chali humeza au hukohoa, na njia yake ya hewa iko salama zaidi hivyo kuliko akiwa kifudifudi. Dereva akakubali shingo upande. Siku za kwanza mtoto alilia, akazoea.

Miezi ikapita. Siku moja saa nne asubuhi dereva alikuja mbio, kandambili moja mguuni.

"Mama! Kajigeuza mwenyewe!"

Walimkuta mtoto kifudifudi, anakoroma. Mama Chali akamgeuza chali. Mtoto akajirudisha. Akamgeuza. Akajirudisha. Dereva aliyekuwa anahesabu anasema zilifika mara kumi na moja. Wakamwita nesi. Nesi akasema: muanze kumlaza chali kila mara, lakini akishaweza kujigeuza mwenyewe kwenda na kurudi, mwacheni alale atakavyo. Kazi yenu ni kitanda kiwe kitupu.

"Umesikia, mama? Tumwache," dereva akasema.

"Nimesikia."

Akavuta kigoda. Akakaa mbele ya mtoto mpaka alipoamka. Saa moja na nusu. Hakuegemea ukuta. Dereva alimletea chai, ikapoa mkononi mwake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, turudi ukutani. Vipande thelathini vilitoka. Kikabaki kimoja. Cha njano, chenye ndege weupe.

Binti yake aliishi mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Kila Jumapili alikuja, akakaa chini ya kipande kile, wakaongea habari za mashine ya kusaga na bei ya kitambaa. Mto ulikuwa kabatini kwake, chini ya mashuka. Mama aliyegonga milango ya watu thelathini hakuuliza. Binti hakutaja. Miaka minane.

Binti ametuambia hivi: "Nilikuwa naogopa. Niliona siku atakayoudai ule mto, ndiyo siku atakayoniambia, wewe ndiye uliyemlaza."

Naye nesi ametuambia kwamba mama alimwambia hivi: "Nikiuomba nitakuwa nimekiri. Atasema, wewe ndiye uliyeushona."

Miaka minane, dakika kumi.

Mwaka huu binti alijifungua tena, mtoto wa kike. Na huyo naye, kama kaka yake, akilazwa chali anatupa mikono na kulia. Wakati huo miguu ya Mama Chali ilishavimba, moyo umechoka, hatoki. Amehamishia kitanda chumba cha kazi, alale karibu na sufi yake. Akawa anatuma watu. "Nendeni mkaniangalizie mke mwenzangu. Analala vipi?" Majibu yalikuja: chali. Hakuyaamini. Alitaka kuona mwenyewe, na hakuweza kwenda. Na binti, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakumleta. Alikuja peke yake Jumapili, akasema mtoto kalala.

Mtoto alipopita ile miezi mitatu, binti alikuja naye. Ilikuwa Jumapili iliyopita, asubuhi, mashine imezimwa. Mgongoni mtoto, mkononi mfuko. Alitandika kigodoro kigumu sakafuni, akamlaza mtoto chali. Mtoto akalia. Wote wawili wakamtazama. Hakuna aliyemgusa.

"Mke mwenza ana mapafu," Mama Chali akasema.

Binti akafungua mfuko, akatoa mto wa njano.

"Nimekuletea mto wako."

"Nani kakuomba?"

"Hakuna."

Mtoto analia.

"Mama, mimi ndiye niliyemlaza."

"Mimi ndiye niliyekuambia umlaze. Na mto nilishona mimi."

"Nesi alisema hawajui."

"Alisema lini?"

"Siku ileile, pale kwenye benchi. Nilimrudia juzi nikamuuliza. Kaniambia alitwambia yote matatu. Kulala kifudifudi na mto laini ni hatari, hilo wanalijua. Lakini kwa mtoto wetu, hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nini kilimchukua. Na hakuna aliyemfanyia kwa kukusudia. Alisema, mama. Hatukusikia."

Mama Chali aliushika mto. Akautafuta mshono kwa kidole gumba, akaufumua kwa meno, kama alivyofumua mingine thelathini. Sufi ikamwagika mapajani. Ilikuwa bado nyeupe.

"Nipe pini yangu," akasema.

Binti akainuka, akachomoa. Kutu ilikuwa imeishika. Alipoivuta ikatoka ghafla. Ukutani pakabaki alama safi, upana wa vidole viwili. Akampa mama yake kipande na pini. Mama Chali akavikunjia kiganjani.

"Yuwi!" akapiga kelele. "Inachoma hii!"

Binti anasema hakumwelewa mara moja. Alimkamata mkono, akaona tone dogo la damu kidoleni, akaanza kulifuta. Mama alikuwa anatazama kidole chake, na machozi yanamtoka, na anaendelea kulalamika kwamba pini inauma, inauma jamani, mbona inauma hivi. Alilalamika muda mrefu. Binti alikaa kitandani akamshikilia.

Walipogeuka, mtoto alishanyamaza. Amelala. Chali, mikono imefunguka juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kigodoro kitupu, pua wazi, kifua kinapanda na kushuka.

"Shusha sauti," Mama Chali akamwambia binti yake, ambaye hakuwa amesema kitu. "Utaniamshia mke mwenza."

Siku mbili baadaye alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti yake, mkwewe, na yule mke mwenza wa miezi mitatu na siku chache. Pole kwa dereva wa lori, na kwa mke wa fundi baiskeli, ambaye mtoto wake kweli anaandikia juu ya lile godoro. Poleni pia nyinyi mliowahi kuingia chumbani mkakuta mtoto haamki. Tunajua mko wengi na hamkutuandikia barua. Mkae na mtu mmoja mlizungumze.

Sisi wengine tumebakiwa na maneno yake. Chali. Kila usingizi. Juu ya godoro gumu, peke yake, kitanda kitupu.

Basi, kama nyumbani kwako sasa hivi kuna mtoto mchanga amelala, usitujibu, usitupigie simu. Inuka ukamtazame amelala vipi. Tutaweka kimya cha dakika moja hapa, na redio itakungoja.