Suti ya Kijivu ya Fundi Kesho

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kaeni karibu na redio, na kama uko kwenye usukani, zima simu kwanza ndipo unisikilize. Simu, si redio. Nitakusubiri.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Tumemzika mwezi uliopita. Huwa naleta kumbukumbu hizi kwa sauti ya chini, kama anayeingia chumba cha wafiwa. Leo sina sauti hiyo. Leo nina hasira, na sitaomba radhi.

Fundi huyu aligongwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Narudia: kwenye kivuko, juu ya mistari myeupe, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Aligongwa na dereva aliyekuwa akiandika ujumbe kwenye simu.

Wateja walimwita Fundi Kesho. Mnajua kwa nini. Ukienda kuchukua gauni lako, anakuangalia kwa macho ya huruma, chaki sikioni, utepe wa kupimia shingoni, anakwambia, "Mama, limebaki vifungo tu. Njoo kesho." Kesho ukienda, limebaki pindo. Mwalimu mmoja wa jirani aliwahi kumwambia, "Fundi, mimi nitazikwa kabla ya suruali hii." Akamjibu, "Basi niambie mapema, mwalimu, niikate ya kaburini." Watu walimkasirikia, wakarudi. Walirudi kwa sababu nguo yake ikikukaa, imekukaa.

Kushona alifundishwa na shangazi yake. Suruali yake ya kwanza aliishona mifuko ikafungwa kabisa, mkono hauingii. Shangazi akamwambia, "Hii ni ya bahili." Tangu siku hiyo alipima mara mbili, akakata mara moja. Miaka ishirini na sita kwenye cherehani ya miguu, kibanda kimoja, kati ya duka la dawa na fundi simu.

Asubuhi ile alivuka barabara kununua zipu. Alivuka pale penye mistari. Gari jeupe lilikata kona, halikupunguza mwendo. Muuza dawa aliona yote kutoka mlangoni kwake. Aliniambia, "Yule dereva alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesali. Breki sikuisikia. Nilisikia kishindo tu."

Hospitalini, mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Mguu wa kulia, wasikilizaji, ndio uliokuwa ukiongoza pedali.

Dereva alisema nini? Alisema, "Aliruka ghafla. Simu sikuigusa." Kampuni yake ya bima ikamtuma kijana mwenye tai hadi wodini, na karatasi. Fundi apokee kifuta jasho, atie sahihi kwamba kosa ni lake mwenyewe. Fundi aliisoma mara mbili, kama anavyopima. Akamrudishia. "Mwanangu," akasema, "hii hainikai. Imenibana kwenye ukweli."

Akafungua kesi ya kudai fidia. Alitaka alipwe, ndiyo, ana familia. Lakini kila siku alimwambia mkewe jambo moja: yule mtu aseme. Aseme mbele ya watu kwamba alikuwa akiangalia simu.

Sasa sikilizeni kosa ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya.

Dereva yule alikuwa mteja wake. Alikuwa na suti yake ya kijivu pale kibandani, imechelewa wiki tatu. Asubuhi ile alikuwa anaifuata. Na Fundi Kesho alikuwa na tabia: ujumbe wa mteja anayemdai nguo haufungui. Simu ikilia mfukoni, yeye anaimba.

Wakili wake, mama mmoja mvumilivu, alimwuliza mara tatu, "Fundi, siku ile alikupigia? Alikuandikia?" Fundi akajibu mara tatu, "Simu ilipotea." Haikupotea! Ilivunjika siku ile, naye akaificha kwenye kopo la vifungo. Aliona haya. Aliogopa mahakama nzima isome zile jumbe za "Suti yangu iko wapi? Suti yangu iko wapi?"

Kesi ikaahirishwa mara saba. Saba! Hakimu yuko semina. Faili halionekani. Wakili wa bima anaumwa jino. Na chumba cha mahakama kiko ghorofa ya pili, hakuna lifti, mtu ana magongo. Kila mara anapanda, anaambiwa arudi siku nyingine, anashuka. Siku moja katikati ya ngazi aliketi, akamwambia mkewe, "Mama watoto, leo nimejua uchungu wa wateja wangu."

Binti yake ndiye aliyekuta ile simu, akitafuta kifungo cha blauzi. Akampelekea fundi simu wa jirani. Ikawaka. Ujumbe wa mwisho uliingia saa nne na dakika kumi na mbili. Muuza dawa alipiga simu polisi saa nne na dakika kumi na tatu. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Fundi leo sitaki kesho. Niko hapo kwenye kona nafi"

Umeishia hapo. Nafi. Hakumaliza neno. Neno lake lililobaki lilimwangukia mwenzake mguuni.

Mkewe aliniambia alichomwambia mumewe jioni ile. "Nilimfokea! Nikamwambia, baba watoto, mtu amekukata mguu, na wewe unaogopa atakudai suti?"

Ujumbe ulisomwa mahakamani. Wakili wa bima akasimama, anatabasamu. "Kwa hiyo fundi, ni kweli ulimchelewesha mteja wako wiki tatu?" Watu wakacheka. Fundi akasimama kwa gongo lake. "Ni kweli, mheshimiwa. Nilimchelewesha. Lakini suti ikichelewa, mtu anavaa nyingine. Mimi mguu mwingine nautoa wapi?"

Dereva akainamisha kichwa, safari hii hakuna simu, akasema, "Niliangalia kidogo."

Kidogo! Wasikilizaji wapendwa, nimelibeba neno hilo tangu nilipolisikia kama kokoto kiatuni. Nikaliandikia ubeti:

Ujumbe ungengojea, simu haifi njaani,
Mguu ukipotea, hauuzwi madukani,
Macho yalielekea, kioo cha kiganjani,
Leo tunakungojea, sema kweli hadharani.

Hukumu ikapangiwa tarehe. Ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Katika kungoja huko, fundi alimaliza ile suti. Mguu wa kushoto haukuizoea pedali, basi akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono. Mkewe akamwuliza kama ana wazimu. Akajibu, "Sitaki siku ya hukumu awe bado ananidai."

Hakufika siku hiyo. Damu iliganda kwenye kigutu cha ule mguu uliokatwa, ikapanda mapafuni. Alifariki Jumanne, utepe uko shingoni.

Siku kumi na moja baada ya maziko, hukumu ikasomwa. Alishinda. Dereva ana kosa, fidia ilipwe. Mjane wake alisikiliza akiwa amesimama, aproni ya mumewe mkononi.

Na juzi, kampuni ya bima imekata rufaa. Mnajua hoja yao? Kwamba fidia ilihesabiwa kwa mtu atakayeishi miaka mingi bila mguu. Kwa kuwa amekufa, wanasema, ipunguzwe. Hiyo ndiyo hoja, wasikilizaji, imepigwa chapa na kutiwa muhuri. Wamechelewesha mpaka mtu akafa, kisha wanadai punguzo la kifo chake!

Mama, mjane wa fundi wetu, pole. Binti, pole sana. Mungu awape subira, na subira hiyo isiwafanye mnyamaze. Wakili amesema rufaa atapambana nayo bila kuwatoza, na siku ya kusikilizwa nitapanda zile ngazi pamoja nanyi. Anayeweza, apande nasi.

Wewe unayeendesha, jiulize leo: ujumbe gani uliwahi kuandika barabarani ambao haungeweza kungoja kona moja zaidi? Jiulize polepole.

Nilipita kibandani jana. Cherehani imefunikwa shuka. Suti ya kijivu imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi, haina kasoro. Nikamwuliza mama, mwenyewe hajaja? Akasema, "Hajaja. Na mimi siiuzi. Ni amana."

Basi nakwambia wewe, dereva, najua redio unayo. Suti yako iko tayari. Fundi Kesho amemaliza kazi yake, hudaiwi kungoja tena. Njoo uichukue mkononi mwa mjane wake.

Uje kwa miguu.